Penseli ya Chausiku

Trei moja ina mayai thelathini. Muuza chipsi amenunua trei nane, na njiani yamevunjika mayai kumi na saba. Yamebaki mangapi?

Mwalimu Polikarpo ameuliza, amerudi nyuma hatua moja, amefunga mdomo. Ni saa tatu na robo asubuhi, Tabata, ndani ya studio ambayo zamani ilikuwa ghala la vitambaa. Kamera mbili zinamtazama. Hakuna anayekohoa. Sauti pekee inayosikika ni ya penseli ikitembea kwenye karatasi, kwaru, kwaru, kutoka kona ambayo kamera haifiki.

Kwenye kona hiyo, juu ya stuli ya plastiki ya bluu, ameketi Chausiku Mwishehe, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, mkazi wa Gongo la Mboto. Daftari lake limelazwa juu ya kipande cha mbao mapajani, na karibu na mkono wake wa kulia imefungwa maiki ndogo. Anaandika bila haraka. Anapiga mstari kwa rula, anaandika tena. Kisha anaweka penseli chini, na Mwalimu Polikarpo, aliyekuwa akimtazama kwa pembe ya jicho, anaigeukia kamera.

"Haya, tuone umepata ngapi."

Zimepita sekunde arobaini na moja. Mwandishi wa makala haya, mwenye shahada ya chuo kikuu na aliyekuwa akilijaribu swali hilohilo pembeni mwa ukurasa wake, amepata mia mbili kumi na tatu. Jibu ni mia mbili ishirini na tatu. Chausiku anauchungulia ukurasa huo, anageukia swali la pili.

Hiyo ndiyo kazi yake. Televisheni ya Elimu ya Kanda ya Pwani, chombo cha umma kinachorusha masomo ya shule ya msingi kwa Dar es Salaam na mikoa ya jirani, inamlipa ajibu maswali ya hesabu za darasa la nne. Hajibu kwa sauti na haonekani. Anachotakiwa kufanya ni kutumia muda uleule ambao mtoto aliyeketi mkekani sebuleni kwao angeutumia. Akimaliza yeye, mwalimu anaendelea.

"Watu wananiulizaga, we pale kwenye televisheni unafanyaga nini? Nawaambia mie nanyamaza," anasema. "Wanadhani nawatania."

Siku yake ya kazi huanza uani. Jirani wa studio ni karakana ya kuchomelea mageti, na sauti ya grainda haina heshima kwa hesabu wala kwa Kiswahili. Walipatana zamani kwamba Chausiku akitundika kanga nyekundu juu ya ukuta, mafundi wanapumzika na kunywa chai. Akiiondoa, wanaendelea. Ndani, kwenye ubao wa matangazo, ratiba ya kurekodi imebandikwa pamoja na nyakati za adhana za msikiti wa mtaa, kwa sababu huko hakuna wa kutundikiwa kanga.

Chausiku hakuja hapa kunyamaza. Alikuja miaka sita iliyopita na ndoo na dekio, kupitia kampuni ya usafi. Kamera zikiwaka watu wa usafi walitakiwa wakae palepale walipo wasubiri, hivyo akajikuta anasikiliza masomo mengi kuliko mwanafunzi yeyote wa kanda nzima.

Wakati huo vipindi vilikwenda mbio. Mwalimu aliuliza swali, akahesabu moja hadi tatu kimoyomoyo, akajijibu. Ndivyo walivyofundishwa kwenye semina, kwamba mtazamaji akichoka anahamia kwenye tamthilia. Siku moja Mwalimu Polikarpo alikuwa amekwishajijibu na ameanza swali jingine, ndipo sauti ikatoka nyuma ya ndoo.

"Mwalimu, subiri basi. Hata sijaanza."

Rekodi iliharibika. Demetria, mwongozaji wa kipindi, alisimamisha kamera akatoka kwenye chumba chake cha vioo. Chausiku anasema alianza kukusanya vifaa vyake, akijua kibarua kimeota nyasi. Demetria hakumfukuza. Alimletea karatasi na penseli, akamwomba afanye lile swali, akatazama saa. Chausiku alitumia sekunde thelathini na nane.

Mwalimu Polikarpo, mwenyeji wa Mbinga aliyefundisha shule za msingi Temeke kwa miaka kumi na tisa kabla ya kuja mbele ya kamera, anaikumbuka siku hiyo kwa aibu kidogo. Anasema darasani mtoto akikwama unamwona, anauma kalamu, anatazama dari. Kwenye kamera hakuna dari wala kalamu. "Nilikuwa nafundisha watu ambao nimewaacha kituo cha daladala," anasema. "Bi Chausiku akamrudisha mtoto mbele yangu."

Basi akahamishwa kutoka kwenye ndoo akapewa stuli. Mshahara ukapanda kutoka shilingi laki moja na themanini hadi laki tatu na arobaini, akapata na mkataba wa kituo chenyewe. Yeye na mumewe Badru, fundi wa majokofu, wakapiga plasta nyumba yao ya vyumba viwili. Badru hadi leo akiulizwa mkewe anafanya kazi gani husema ni mwanafunzi wa serikali.

Kipindi cha kwanza chenye kimya kilivuruga kila kitu. Kituo kina mtambo unaolinda matangazo. Sauti ikipotea kwa sekunde ishirini, mtambo unaamini umeme au waya umeleta ishu, na wenyewe unaweka wimbo wa akiba. Wimbo wa akiba ulikuwa wa watoto kupiga mswaki. Mwalimu Polikarpo aliuliza swali la kugawanya, akanyamaza, na sekunde ya ishirini kanda nzima ikaanza kuimbiwa habari za meno. Mwalimu aliporudi hewani alikuwa katikati ya sentensi, akimpongeza aliyepata tisa.

Hilal, fundi mkuu wa mitambo, anaisimulia habari hiyo huku amejishika mbavu. Angeweza kuuzima ulinzi ule, lakini umewaokoa mara nyingi umeme unapokatika. Akaamua kuudanganya. Alichukua maiki ndogo ya kubana kwenye shati akaifunga kwenye mbao ya Chausiku, ili mtambo usikie penseli na ujue kuna watu.

"Mie nilifanya vile ili mashine itulie," anasema Hilal. "Sikujua kama watoto nao wataisikia."

Waliisikia. Wiki ya pili tu ujumbe ulianza kumiminika kwenye simu ya kituo. Mwambieni mwenye penseli leo nimemshinda. Mwambieni mwenye penseli swali la tatu nimepata na nimemaliza naye sawasawa. Wazazi waliandika kwamba watoto wao hawaangalii tena uso wa mwalimu swali likishaulizwa, wanainama na kushindana na mtu wasiyemwona. Penseli ikinyamaza, wanajua muda umekwisha. Kwa wiki ulikuwa unafika ujumbe mia nne, na Chausiku alikuwa akiusoma wote wakati wa chai ya saa nne.

Walimtungia hadi sura. Wengine waliamini ni msichana wa umri wao. Mmoja aliandika kuuliza kama mwenye penseli amefungiwa.

Hapa mtu angedhani habari imefika mwisho mwema. Kumbe ndio kwanza inaanza, na iliyoleta balaa ni heri yenyewe.

Chausiku alimaliza darasa la saba Gongo la Mboto na hakuchaguliwa kwenda sekondari. Anakumbuka karatasi iliyobandikwa ukutani na jinsi alivyolitafuta jina lake mara tatu, akianzia juu, kisha chini, kisha katikati. Baada ya hapo, kwa zaidi ya miaka ishirini, maandishi yake makubwa yalikuwa orodha za michango ya harusi. Hesabu zilimtoka kichwani taratibu, na ndiyo maana alipokalishwa kwenye stuli alikuwa na kasi ya mtoto wa darasa la nne, bila kuigiza.

Lakini mtu hawezi kukaa mbele ya mwalimu mzuri miaka mitano asijifunze. Sehemu zilimwingia, asilimia zikamwingia, akaanza kubaki baada ya kazi kumuuliza Mwalimu Polikarpo mambo ya darasa la sita. Mwaka jana alijiandikisha kwenye darasa la jioni la watu wazima jirani na kwao, akilenga mtihani wa maarifa wa Novemba, ule unaompa mtu aliyekosa sekondari njia ya kufika kidato cha nne. Kila alichojifunza kule jioni, asubuhi kilikaa naye kwenye stuli.

Mwezi Machi mwaka huu ujumbe ulibadilika. Wa kwanza ulikuwa wa sauti, kutoka Madale, wa bibi anayeitwa Hamdiya. Kituo bado wanao, na mwandishi alisikilizishwa.

"Mie namlea mjukuu wangu Najma," anasema bibi huyo kwa upole. "Alikuwa akimaliza pamoja na huyo mwenu wa penseli, anafurahi, anapiga makofi. Siku hizi huyo mtu kaanza kukimbia. Mtoto anaachwa. Jana kazima televisheni mwenyewe, kasema yeye mjinga. Sasa mie nawaomba, huyo mtu mumwambie, sie huku bado tupo."

Ujumbe wa namna hiyo ulizidi wiki hiyo na zilizofuata. Hilal alirudi kwenye kumbukumbu zake, akapima kimya cha kila swali, mwezi kwa mwezi. Kimya kilichokuwa kikifika sekunde arobaini kilikuwa kimeshuka hadi ishirini na mbili. Kilikuwa kimepungua kidogo kidogo, sekunde moja hapa, mbili pale, na hakuna aliyesikia.

Demetria hakumkasirikia, na Chausiku analisema hilo kabla hajaulizwa. Alimwita chumbani, akamwonyesha michoro ya vipimo vya Hilal, akampa barua. Kituo kitachukua rekodi za penseli za miaka iliyopita, kitaziweka chini ya maswali mapya, na kazi ya stuli itakoma mwisho wa mwezi. Nafasi ya usafi ilikuwa wazi, angerudi huko kama angependa.

Barua ilikuwa na heshima zote, na ndiyo iliyomuumiza zaidi. Chausiku alikwenda kwenye stoo ya madekio, akafunga mlango, akalia. "Niliona nimeadhibiwa kwa kusoma," anasema. "Na sikuwa na wa kumlaumu. Ningemlaumu nani, jedwali la kuzidisha?"

Alijaribu kudanganya. Siku mbili alichelewa makusudi, akimaliza hesabu kisha anachora maua pembezoni mwa daftari ili penseli iendelee kusikika. Siku ya pili Mwalimu Polikarpo alisimamisha kurekodi. Swali jepesi na swali gumu, alisema, vyote vilikuwa vinachukua nusu dakika kamili, na mtoto hayuko hivyo. Akamwambia, mbele ya watu, kwamba kimya chake siku hizi kina uongo ndani yake.

Chausiku anasema alitamani ardhi ipasuke. Lakini alijua mwalimu hakukosea. Alimwomba Demetria ampe hadi Jumatatu, na Demetria, ambaye naye hakuwa amelala vizuri wiki hiyo, akamkubalia.

Jumamosi aliondoka Gongo la Mboto asubuhi na mapema, mkoba wake ukiwa na madaftari na maelekezo ya kufika kwa Bibi Hamdiya. Tegeta alichukua pikipiki ikampandisha vilima vya Madale. Nyumba ya Bibi Hamdiya ina duka la rejareja mbele, lililoanzishwa na baba mkwe wake, na sebule nyuma yake. Chausiku alipiga hodi, akatoa shikamoo, akajieleza kwa ufupi kwamba ametoka kwenye televisheni. Bibi alimkaribisha kahawa na kashata, akaita mjukuu. Najma ana miaka kumi. Kuhusu penseli, Chausiku hakusema neno.

Kila Jumamosi asubuhi kituo hurudia masomo ya wiki. Najma hakutaka kuwasha. Bibi alimbembeleza, akamwambia mgeni ametoka mbali kuja kuangalia naye. Mtoto akakaa mkekani, Chausiku akakaa nyuma yake, ameegemea ukuta.

Mwalimu Polikarpo alitokea na swali. Shule ina madawati mia moja thelathini na tano, kila dawati wanakaa wanafunzi watatu. Wanafunzi ni wangapi?

Chausiku alikuwa amepata mia nne na tano kabla mwalimu hajamaliza kufunga mdomo. Akamtazama Najma. Mtoto hakuwa ameanza kuzidisha. Alichukua rula akapiga mstari wa pembeni. Akaandika tarehe. Akaandika neno Hesabu, akalipigia mstari chini, akaurudia ule mstari kwa sababu haukunyooka. Kisha akaanza kulinakili swali, neno kwa neno, shule ina madawati. Alikuwa kwenye neno dawati la pili penseli ya televisheni iliponyamaza, na mwalimu akasema haya, tuone.

Najma aliweka kalamu chini. Lakini mkono wake, kama mkono wa mtu aliyekwishaanza jambo, uliichukua tena ukamalizia, bila kuangalia jibu la mwalimu. Chausiku alitazama saa yake. Kuzidisha kwenyewe kulimchukua mtoto sekunde kumi na mbili. Akapata mia nne na tano.

Akamuuliza kwa nini ananakili swali zima na liko pale kwenye kioo. Najma akamtazama kwa mshangao wa mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu.

"Mwalimu wetu asipoona swali anakata jibu," alisema. "Hata kama umepata."

Bibi Hamdiya aliunga mkono kutoka mlangoni. Hata wao zamani walikuwaga hivyohivyo, tarehe, kichwa cha habari, mstari, swali, ndipo hesabu. Usipofanya hivyo unarudishiwa daftari limejaa wino mwekundu.

Chausiku alivuta mkoba. Ana tabia ya kutotupa daftari, na alikuwa amebeba matano kati ya thelathini na moja aliyoyajaza kwenye stuli. Alifungua la kwanza. Tarehe ilikuwepo. Neno Hesabu lilikuwepo, na mstari chini yake. Swali lilinakiliwa zima, kwa mwandiko wa mtu anayeogopa kukosea. Alifungua la kumi na nne, mstari haukuwepo. La ishirini, tarehe haikuwepo, na swali lilikuwa limebaki namba tupu. La mwisho lilikuwa na majibu tu, yamepangana kutoka juu hadi chini.

"Nikaona, kumbe!" anasema. "Mie nilidhani nimekuwa na akili nyingi. Akili imeongezeka, ndiyo, lakini hizo sekunde haikuzila akili. Nilikuwa nimeacha kuandika swali."

Swali la pili lilipokuja, alitoa penseli yake mwenyewe, akageuza ukurasa safi, akaazima rula ya Najma mara mtoto alipomaliza nayo. Akaandika tarehe. Akapiga mstari. Penseli ya televisheni ilinyamaza mapema kama ilivyotarajiwa, na mwalimu akaanza kueleza jibu. Lakini kule sebuleni kwaru kwaru haikukoma. Iliendelea, taratibu, kutoka ukutani nyuma ya mkeka.

Najma aliacha kuandika, akasikiliza. Kisha akageuka.

"Ni wewe," alisema.

Chausiku akamwambia ndiyo, ni mie, tumalize swali. Wakamaliza pamoja, na mtoto akapiga makofi. Anapofika hapa katika kusimulia, Chausiku hufuta macho kwa ncha ya mtandio na kusingizia vumbi la studio, ambayo yeye mwenyewe huisimamia usafi wake kwa ukali mpaka leo.

Jumatatu hakuomba radhi wala hakutoa hotuba. Alitundika kanga ukutani, akakaa kwenye stuli, akamwomba Demetria arekodi somo zima kama kawaida. Swali la kwanza alilipa haki yake yote, kuanzia tarehe hadi jibu. Hilal alipima sekunde arobaini na tatu. La pili, fupi, lilitumia ishirini na tisa. La tatu lilikuwa refu, lilitaja lori na mifuko ya saruji, likafika hamsini na moja. Vipimo havikufanana, na ndivyo Mwalimu Polikarpo alivyokuwa akivitaka.

Baada ya kurekodi ndipo Chausiku akawaeleza habari ya kunakili swali. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. "Miaka kumi na tisa nimewakata watoto wa Temeke kwa kutonakili swali," alisema. "Mimi mwenyewe, kwa mkono huu. Halafu nakuja hapa nashangaa kwa nini wanachelewa."

Demetria ni mtu wa vipimo, hakutaka kuamini kwa cheko peke yake. Aliituma rekodi hiyo kwa familia sita zilizokuwa zimelalamika, akasubiri siku mbili. Majibu yalikuja moja moja. La Bibi Hamdiya lilikuwa fupi kuliko yote. "Amerudi," alisema, na nyuma yake ilisikika sauti ya mtoto akipiga makofi.

Barua ilifutwa kwa barua nyingine, ambayo Chausiku ameihifadhi ndani ya daftari la thelathini na mbili. Kituo kimebadilisha jambo moja zaidi. Zamani swali lilikaa kwenye kioo sekunde kumi kisha likaondoka. Sasa linabaki mpaka penseli inyamaze, ili anayenakili amalize.

Demetria anakiri kwamba angekuwa amefanya kosa kubwa. Anasema penseli ya zamani ingesikika sawasawa, lakini ingekuwa inajibu maswali mengine, ya watu wengine. "Tulikuwa tunataka kumpoteza mfanyakazi kwa sababu ameelimika," anasema, "na sie ni televisheni ya elimu."

Mtihani wa maarifa umebaki miezi michache. Chausiku anasoma jioni baada ya kupika, na siku za mapumziko Mwalimu Polikarpo humtumia maswali ya aljebra kwa simu. Hofu haipo sana. Anasema amekaa kwenye chumba cha mtihani kila siku ya kazi kwa miaka mitano, tofauti ni kwamba safari hii atavaa viatu vya kufunga.

"Na karatasi ya mtihani maswali yameshachapishwa," anasema. "Kule sinakili hata neno. Kule nakwenda moja kwa moja kwenye jibu, wataniona vumbi."

Mpango wake anausema waziwazi, bila kuinamisha macho. Demetria amepeleka kwa uongozi pendekezo la kipindi cha nusu saa, Jumamosi, cha hesabu kwa watu wazima walioishia darasa la saba. Uongozi umekipenda na umeuliza nani atafundisha. Demetria ameandika jina la Chausiku Mwishehe na kuongeza kwamba cheti kitafuata. Chausiku anaamini kitafuata. Safari hii, anasema, karatasi ikibandikwa ukutani atalitafuta jina lake mara moja tu.

Akienda mbele ya kamera, nani atakaa kwenye stuli? Amemfikiria Badru, ambaye hajashika penseli tangu ujana wake. Badru anasema yeye ataiweka chini kabla swali halijaulizwa.

Saa tano na nusu asubuhi, studio inarekodi swali la mwisho la siku. Lori limebeba ndoo za rangi, zimeshushwa baadhi, zimebaki baadhi. Mwandishi anainama kwenye ukurasa wake akiapa safari hii hakosei. Akiinua kichwa, anamwona Chausiku ametazama juu kidogo, midomo imechezacheza mara moja, na ni wazi jibu amekwishalipata. Kisha anachukua rula.

Sekunde zinakwenda. Nyuma ya kioo Demetria ana wageni wanaosubiri, anamtazama, anainua kidole gumba kumuuliza kama tayari. Chausiku hawezi kusema, maiki iko wazi. Anatikisa kichwa, anaandika, anapiga mstari, anaandika tena, na mwisho anaweka penseli chini.

Taa nyekundu ikizimwa, Demetria anatoka na kumuuliza swali dogo namna ile limekuwaje limechukua muda wote huo.

"Mie nilishamaliza zamani," anasema Chausiku, akifunga daftari. "Nilikuwa namsubiri Najma apige mstari."